Ng'ombe Akivimba Macho, Sindano Gani Kwanza?

Kope ndizo huanza. Zinajaa, zinang'aa, jicho linabaki ufa mwembamba. Midomo inafuata, kisha sehemu za nyuma chini ya mkia, na ubavuni ngozi inainuka mabaka mabaka, manyoya yamesimama juu yake. Ng'ombe anakohoa mara moja, anatulia, anakohoa tena. Ananyoosha shingo mbele, anapanua pua, anafungua mdomo na kutoa ulimi ili apate hewa. Povu likianza kutoka puani, muda uliobaki ni mchache mno. Yote haya yanaweza kutokea ndani ya dakika kumi baada ya sindano ambayo mnyama huyohuyo amewahi kuchomwa bila shida: penisilini, chanjo, pengine vitamini B1 iliyosukumwa haraka kwenye mshipa.

Katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Mushaki kuelekea Kitchanga, mtu aliye karibu na ng'ombe huyo mara nyingi ni mchungaji mwenyewe au jirani anayejua kushika sindano. Daktari wa mifugo yuko mbali, na pengine barabara ya kumfikia imefungwa. Mchungaji anatoa kwenye mfuko chupa ndogo ya antihistamini, kwa kawaida klofeniramini, anavuta dawa na kuchoma. Kama ng'ombe akipona, sifa inaiendea chupa. Kama akifa, watasema dawa ilichelewa kununuliwa.

Makala haya yanahusu chupa hiyo. Ni dawa nzuri, lakini katika famasi za mifugo za Goma imegeuzwa kuwa jibu la kila kinachovimba, kila kinachowasha na kila mnyama anayehema. Kwa ng'ombe niliyemweleza hapo juu, dawa inayopaswa kutangulia ni nyingine, na mara nyingi haimo mfukoni.

Twende kwanza kwenye histamini yenyewe. Mwili wa mnyama huitengeneza kutokana na histidini, mojawapo ya asidi amino zinazopatikana katika nyama, samaki na maziwa. Kimeng'enya kimoja huondoa kipande cha molekuli ya histidini, basi, histamini imepatikana. Mwili hauiachi izurure. Huihifadhi katika vifuko vidogo ndani ya seli ziitwazo masti, na seli hizo zimejipanga pale ambapo mnyama hukutana na ulimwengu: chini ya ngozi, kandokando ya mishipa midogo ya damu, kwenye njia za hewa, kwenye utumbo. Mnyama akishakutana na kitu ambacho mwili wake umekiweka katika orodha ya maadui, kingamwili za aina ya IgE hukaa juu ya seli hizo zikingoja. Kitu hicho kikirudi, seli hupasua vifuko vyake kwa sekunde chache na kumwaga kila kilichomo.

Mkazi wa Majengo au Ndosho, mitaa ya Goma, anajua usiku ambao wezi wenye silaha wanaingia mtaani na watu, nyumba kwa nyumba, wanapiga filimbi na kugonga sufuria. Histamini ni kelele hiyo. Mishipa midogo inatanuka na kuvuja ili walinzi wa mwili wapite, ngozi inavimba na kuwasha ili mnyama ajikune na kumng'oa aliyemuuma, njia za hewa zinabana. Mtaa ukiamka kwa kiasi, mwizi anakimbia. Mwili wote ukiamka mara moja, kila mshipa ukavuja kwa pamoja, damu inakosa nguvu ya kusukumwa na mnyama anaanguka kwa kelele za mwili wake mwenyewe.

Wanakemia wa Ujerumani, Windaus na Vogt, waliitengeneza histamini maabarani mwaka 1907 bila kujua kazi yake. Mwaka 1910, mjini London, Henry Dale na wenzake waliipata ndani ya kuvu inayoota juu ya nafaka, wakaichoma katika mishipa ya wanyama na kuona kitu cha kutisha: dalili zilifanana sana na zile ambazo wengine walikuwa wameziona kwa wanyama waliochomwa protini ngeni mara ya pili. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wameeleza jambo hilo mwaka 1902. Walimpa mbwa sumu kidogo ya kiumbe wa baharini, akavumilia. Wiki chache baadaye walimpa kiasi kidogo tena, na haikupita nusu saa akafa. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Ila ilibidi kusubiri hadi mwaka 1953 ndipo James Riley na Geoffrey West, huko Uskoti na Uingereza, walipoonyesha kwamba ghala kuu la histamini mwilini ni seli masti.

Jambo ambalo watabibu wa wanyama wanalijua na wafugaji wengi hawajaambiwa ni kwamba kelele hii haisikiki mahali pamoja kwa kila mnyama. Kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, pigo kubwa huangukia mapafu, ndiyo maana wanahema na kutoa povu. Kwa paka pia ni mapafu. Farasi hupigwa mapafu na utumbo. Mbwa ni tofauti kabisa: mishipa inayotoa damu kwenye ini lake hubana, damu inakwama tumboni, na badala ya kuhema mnyama anatapika, anaharisha, mara nyingine kwa damu, miguu inalegea, ufizi unakuwa mweupe. Mlinzi wa nyumba mtaani Himbi, Goma, akiona mbwa wake katika hali hiyo nusu saa baada ya kudungwa na nyuki, anasema ametiliwa sumu na jirani. Ugomvi unaanza kwenye uzio huku mbwa anakufa kwa jambo ambalo lingetibika.

Simbilisi ndiye mnyonge kuliko wote. Histamini hubana njia zake za hewa kwa nguvu kiasi kwamba anakosa pumzi ndani ya dakika chache. Nyumba nyingi za Kivu zinafuga wanyama hawa jikoni, chini ya kitanda au nyuma ya mafiga. Wanakula majani na maganda, wanazaa upesi, na katika nchi ambako watu wenye bunduki huondoka na ng'ombe wa kijiji kizima kwa asubuhi moja, simbilisi wanafichika. Watoto wanawachunga, mama anawauza mmoja mmoja kwa ajili ya daftari na sabuni. Mnyama huyohuyo ndiye aliyefungua mlango wa dawa tunazozizungumzia. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub waliwapa simbilisi kiasi cha histamini ambacho kingewaua, na wakaona kwamba wale waliotangulia kupewa kemikali fulani waliendelea kuishi. Kemikali hiyo ilikuwa na sumu mno kutumika hospitalini, lakini njia ilikuwa imeonekana. Mwaka 1942 Bernard Halpern alileta Antergan, antihistamini ya kwanza kutumika kwa wagonjwa. Mepiramini ilifuata mwaka 1944, kisha prometazini, ambayo Wakongomani wengi wanaijua kwa jina la Phénergan, kisha klofeniramini. Bovet alipewa Nobel mwaka 1957.

Soma tena jaribio lile la Paris: simbilisi waliopona ni wale waliotangulia kupewa dawa. Siri yote ya antihistamini iko hapo.

Histamini ikishamwagwa, huenda kujishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli nyingine. Wanasayansi wamevitambua vya aina nne. Cha kwanza, H1, ndicho kinachofanya mishipa ivuje, ngozi iwashe na njia za hewa zibane. Cha pili, H2, kinaongoza asidi ya tumbo na kugusa moyo. Mskoti James Black ndiye aliyetenganisha kazi ya kipokezi hicho mwaka 1972, na dawa ya vidonda vya tumbo iitwayo simetidini ikazaliwa hapo. H3 imo zaidi kwenye ubongo na neva, na H4 kwenye seli za kinga. Klofeniramini, prometazini na ndugu zao hukalia kipokezi cha H1 ili histamini isipate pa kujishika. Haziiondoi histamini iliyokwisha kumwagwa, hazizibi mishipa iliyokwisha kuvuja, na hazisukumi damu. Zikifika wakati nafasi zimeshakaliwa, kazi yao inakuwa ya kuzuia hali isizidi tu.

Kwa ng'ombe kuna tatizo la ziada. Kelele ya mwili wake haitokani na histamini peke yake. Wakati seli masti zinapopasua vifuko vyake, hutoka pia lukotrini, serotonini na vitu vingine, na katika mapafu ya ng'ombe hivyo vina nguvu kuliko histamini yenyewe. Unaweza kuziba kila kipokezi cha H1 na ng'ombe akaendelea kuzama katika maji ya mapafu yake.

Kinachomrudisha ni adrenalini. Yenyewe hufanya kinyume cha yote yaliyotokea: inabana mishipa iliyotanuka, inafungua njia za hewa, inaupa moyo nguvu, na juu ya hayo inatuliza seli masti zisiendelee kumwaga. Huchomwa kwenye msuli, bila kungoja. Dozi ambayo vitabu vya tiba ya wanyama hutaja huanzia miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji basi miligramu 3. Ampuli ya hospitali ya binadamu ina miligramu 1 ndani ya mililita 1, kwa hiyo hizo ni ampuli tatu. Mbwa wa kilo 20 anatosheka na sehemu ya tano ya ampuli moja. Baada ya hapo ndipo antihistamini inapata kazi yake halali, pamoja na dawa ya kundi la kotikosteroidi kama deksametazoni: kupunguza mabaka, mwasho na uvimbe unaosalia, na kumtuliza mnyama saa zinazofuata.

Ng'ombe aliyevimba kope tu, ana mabaka, anakula na anapumua vizuri, huyo antihistamini inamtosha, na mara nyingi angepona hata bila sindano yoyote. Wengi katika wale walioijengea chupa sifa Masisi ni wanyama wa namna hii.

Sasa kuna hali ambayo inanisumbua zaidi, kwa sababu inaua polepole na inafanana sana na mzio machoni pa mtu mwenye haraka. Ni ugonjwa ambao Watanzania wanauita ndigana kali na waganga wa wanyama wa Kongo wanauita teileriozi. Husababishwa na kijidudu Theileria parva, na huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Masisi ni nchi ya nyasi na baridi, nchi ya maziwa na jibini, na ng'ombe wake wengi wana damu iliyochanganywa na Friziani au ng'ombe wa kahawia wa milima ya Uswisi. Hao hutoa maziwa mengi kuliko wa kienyeji, lakini mbele ya ndigana kali ni dhaifu mno.

Tazama dalili zake. Tezi iliyo chini ya sikio inavimba. Macho yanatoa machozi, kope zinaweza kujaa. Baada ya siku kadhaa mapafu yanaingia maji, mnyama anahema, povu linatoka puani. Uvimbe, macho, pumzi, povu: kila kitu kilichokuwa katika picha ya mzio kipo hapa. Tofauti iko katika muda na joto. Mzio huja kwa dakika, tena baada ya jambo linalojulikana, sindano au nyuki. Ndigana kali huja kwa siku, na kipimajoto kikiingizwa nyuma kinasoma nyuzi 40, 41 na zaidi. Kipimajoto hicho ni cha bei ndogo kuliko mbuzi mmoja, na katika mazizi mengi hakipo. Mfugaji anaingia famasi, anasema ng'ombe amevimba karibu na sikio, anapewa antihistamini. Uvimbe wa tezi haupungui kwa sababu si histamini iliyouleta. Siku mbili zinapita, tatu zinapita. Dawa inayoua kijidudu hicho, buparvakoni, hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Mapafu yakishajaa, imechelewa.

Na huyo kupe mwenyewe ana jambo ambalo kila mfugaji wa Kivu angestahili kulisikia. Kupe hukaa juu ya ng'ombe kwa siku nyingi akinyonya damu. Mwili wa ng'ombe unapaswa kumjua: mahali alipouma, seli masti zimwage histamini, ngozi iwashe, ng'ombe ajilambe na kujisugua hadi amng'oe. Ng'ombe wenye ukinzani dhidi ya kupe hufanya hivyo hasa. Huko Australia, mwaka 1980, watafiti Kemp na Bourne walichoma histamini kidogo kwenye ngozi karibu na kupe wachanga wa ng'ombe, na wachanga hao wakajiachia. Basi kupe anasalimikaje? Mwaka 1999 kundi la Oxford, wakiwemo Guido Paesen na Patricia Nuttall, lilichunguza mate ya Rhipicephalus appendiculatus, kupe huyuhuyu wa kahawia wa sikio, yule wa Masisi, wa Rutshuru, wa Rwanda na wa Uganda. Walikuta protini tatu, mbili za jike na moja ya dume, ambazo kazi yake ni kuikamata histamini kwa nguvu kabla haijafika kwenye kipokezi. Dawa zetu hukalia mlango wa seli. Kupe yeye humkamata mjumbe njiani. Ng'ombe hahisi mwasho, hajilambi, na kupe anaendelea kunyonya na kumwaga Theileria ndani ya damu.

Kwa maneno mengine, ng'ombe aliyejaa kupe tayari yuko chini ya antihistamini, aliyopewa na adui yake. Ukimwona anajisugua kwenye mti, mwasho huo ni kinga yake inayofanya kazi. Mfugaji anayenunua klofeniramini ili ng'ombe aache kujikuna, huku masikio hayajapulizwa dawa ya kupe, anamsaidia kupe kumaliza kazi. Fedha hiyohiyo ingenunua dawa ya kunyunyiza, na mkono ungeingia ndani ya sikio, kwenye mikunjo, ambako kupe hao hujificha wakiwa wameshikana kama punje.

Mbwa naye anaonewa kwa namna hiyo. Mbwa anayejikuna Goma mara nyingi ana viroboto au upele wa utitiri, na antihistamini haiui kiroboto wala utitiri. Hata kwa mbwa mwenye mzio wa kweli wa ngozi, ushahidi wa kwamba dawa hizi zinaondoa mwasho ni dhaifu. Wengine wanapata nafuu, wengi wanapata usingizi tu. Hatari kubwa zaidi imo katika vidonge vya mafua vya binadamu ambavyo watu humpa mbwa au paka kwa sababu wamesikia vina antihistamini. Ni kweli vinayo, klofeniramini miligramu chache, lakini ndani ya kidonge kilekile mnaweza kuwa na parasetamoli, inayoua paka hata kwa kiasi kidogo, na dawa ya kuzibua pua aina ya pseudoefedrini, inayoweza kuusukuma moyo wa mbwa hadi usimame. Soma boksi lote. Kama lina majina mawili au matatu ya dawa, liweke mbali na mnyama.

Kuna wanaosaga vidonge na kumnywesha ng'ombe. Hesabu yake haiendi popote. Kidonge cha klofeniramini kina miligramu 4. Ng'ombe wa kilo 300, kwa dozi ya miligramu 0.5 kwa kilo, angehitaji 150, yaani vidonge 37 na ushei, na vingeangukia katika tumbo kubwa la kwanza lililojaa majani na vijidudu, ambako dawa hizi hazifyonzwi kwa njia ya kutegemewa. Kwa wanyama wanaocheua, antihistamini huchomwa. Nayo ikichomwa kwenye mshipa kwa haraka, au ikizidishwa, mnyama badala ya kusinzia huchanganyikiwa, hutetemeka na anaweza kuanguka kwa kifafa.

Goma ina hali moja ambayo vitabu vya Ulaya havina. Katika mabonde na mashimo ya miamba ya lava, upande wa Mugunga na Bulengo, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama chini kwa sababu ni nzito. Ndiyo mazuku. Asubuhi isiyo na upepo, mbuzi aliyeshuka kwenye bonde kufuata majani anaanguka akihema, na aliyesimama hatua chache juu yake haoni kitu. Hapo hakuna histamini. Mnyama anahitaji kutolewa juu kwenye hewa, na anayeshuka kumtoa ajihadhari, kwa maana kichwa chake kikishuka chini ya usawa wa gesi ataanguka kando ya mbuzi. Vivyo hivyo moshi wa Nyiragongo: gesi yake ya salfa huwasha macho na mapafu ya mifugo moja kwa moja, kama inavyotuwasha sisi, na sindano ya mzio haiifuti.

Histamini haiishii katika mwili ulio hai. Bakteria nao wanajua kuitengeneza kutokana na histidini, na samaki wanayo histidini kwa wingi. Pale Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, samaki wadogo waitwao sambaza wakivuliwa usiku na kukaa bila barafu hadi jua linapanda, bakteria wanaanza kazi. Kupika hakuondoi histamini, kukaanga hakuondoi. Kanuni za kimataifa za Codex zimeweka mpaka wa miligramu 200 kwa kilo ya samaki. Wale waliokwisha kuharibika kwa soko huishia mara nyingi kuwa chakula cha kuku. Wakikaushwa au kupashwa moto mkali, histamini na histidini zao zinaungana na lisini na kutoa sumu iitwayo gizerosini, ambayo Wajapani waliitambua mwaka 1983. Sumu hiyo hukalia kipokezi cha H2 kwenye tumbo la kuku kwa nguvu inayoipita histamini yenyewe, asidi inamwagika bila kikomo, na firigisi inachubuka hadi kutoboka. Kuku anatapika kitu cheusi, kundi linapungua, mwenye banda anadhani ni kideri. Mpasue mmoja, fungua firigisi, tazama utando wa ndani. Ukiukuta umepasuka, umeoza na una rangi ya kahawia nyeusi, geuza macho kwenye gunia la unga wa samaki kabla ya kununua dawa yoyote.

Dawa zenyewe zinafika Goma kwa shida. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, na bidhaa nyingi za famasi zikawa zinapita barabarani kutoka Rwanda na Uganda, mikononi mwa wafanyabiashara wanaoleta kinachouzika. Antihistamini inauzika. Adrenalini haiuzwi sana, kwa sababu haitumiki kila siku, kwa sababu inaharibika kwa mwanga na joto, na kwa sababu hakuna anayeingia dukani kuiulizia. Kivu haikosi watu wenye elimu hii. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kule Butembo kinafundisha udaktari wa mifugo, na Lubumbashi nayo inafundisha. Vijana waliohitimu huko wapo Goma, wengine wanauza dawa nyuma ya kaunta. Hao ndio ninaowaomba jambo hili: msimuuzie mtu penisilini wala chanjo ya ng'ombe bila kumuuliza kama ana adrenalini, na kama hana, mwekeeni ampuli tatu kando ya chupa, pamoja na sindano yake, mkimweleza kiasi kwa kilo.

Vyama vya wafugaji, kuanzia ACOGENOKI ambayo imewakusanya wafugaji wa jimbo la Kivu Kaskazini kwa miaka mingi, vingeweza kununua ampuli hizo kwa pamoja na kuziacha kwa mtu mmoja kila mlima. Aliyepewa kuzitunza aziweke gizani, ndani ya boksi lake, mahali pa baridi, na kila mwezi aziinue kwenye mwanga kwa muda mfupi kuzitazama. Adrenalini nzima ni angavu kama maji. Ikianza kuwa ya waridi imeanza kufa, ikiwa ya kahawia itupwe. Na anayechoma sindano yoyote zizini akae na mnyama nusu saa kabla ya kufunga mfuko na kupanda pikipiki, akiangalia kope, ngozi ya ubavuni na pumzi. Mnyama aliyeanguka akainuka abaki chini ya macho hadi kesho yake, kwa sababu hali hiyo huweza kurudi saa kadhaa baadaye hata pale ambapo dawa imefanya kazi.